Historia ya Marehemu Elsie Khavere

Kwa miaka ishirini na miwili, hakuna mtu wa mtaa wa Mbotela aliyezikwa vizuri bila kupitia mikononi mwa Mchungaji Nyongesa. Hata wasiosali kwake walimjia, maana ndiye aliyeandika historia ya marehemu, ile karatasi inayosomwa mbele ya jeneza huku watu wakijipepea nayo. Alikuwa na vichwa vitano visivyobadilika: Kuzaliwa, Elimu, Ndoa, Kazi, Ugonjwa. Mlevi aliyekutwa mtaroni alitoka hapo akiwa mpenda watu. Mchungaji hakuona huo kuwa uongo. Aliuita uhariri.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa kitabu. Kilihusu watu wa magharibi mwa Kenya waliokuja Nairobi kufanya kazi relini na kwa baraza la mji: walikuja na imani gani, mila zipi waliziacha nyumbani, na zipi zilipanda gari moshi pamoja nao bila tikiti. Madaftari arubaini na moja yalilala chini ya kitanda. Sura ya nne, inayohusu majina, ilisomwa kwenye kongamano la wanatheolojia, na profesa mmoja akaisifu kabla ya chakula cha mchana na tena baada yake. Ilieleza jinsi mtoto wa Kimaragoli anavyopewa jina la mtu wa ukoo aliyekufa, ili aliyeondoka asisahaulike.

Mkewe, Elsie Khavere, alikuwa Mmaragoli. Mchungaji mwenyewe alikuwa Mbukusu. Kimaragoli alikishika nusu kikisemwa polepole, na vikongwe hawasemi polepole. Kwa hiyo Khavere alitafsiri. Jumamosi alifunga kibanda chake cha mboga karibu na Jogoo Road, akajifunga kitambaa, wakaenda popote palipokuwa na ajuza mwenye kumbukumbu, kuanzia Mukuru hadi Komarock. Kwenye ukurasa wa shukrani alitajwa mstari wa mwisho, baada ya fundi aliyetengeneza kinasa sauti.

Jumanne moja Khavere alianguka kwenye foleni ya maji, mtungi ukiwa bado mtupu. Hospitalini walisema ni presha. Ibada ingekuwa Ijumaa asubuhi, kisha safari ya nyumbani, na historia ilitakiwa imfikie Jacklyne, mpiga chapa wa saiba, Alhamisi kabla ya saa kumi.

Jumatano, waombolezaji wakinywa chai nje, Mchungaji alikaa chumbani na kalamu. Akaandika: "Marehemu alizaliwa mwaka wa 1964, akapewa jina la..." Hapo kalamu ikasimama.

Angekuwa marehemu mwingine, angeandika "nyanya yake mzaa baba" na kuendelea. Hakuna aliyewahi kumpinga. Safari hii mkono ulikataa. Miaka thelathini na moja alikula ugali wa mtu huyu, na hakujua alibeba jina la nani.

Akampigia simu shemeji yake, Willis, kule kijijini. Willis alisema mambo hayo aliyajua mama yao tu.

"Na mama si ulimwandika wewe, shemeji? Angalia hapo."

Akaangalia. Aliandika kwamba mama mkwe alizaa watoto watano, alipenda nyimbo za tenzi, na aliugua presha.

Ndipo akakumbuka kinasa sauti. Tangu asubuhi ya Alhamisi alisikiliza, kipande baada ya kipande, akimtafuta mkewe. Alimpata kila mahali. Khavere alisema, "Nilibatizwa mtoni." Alisema, "Mume wangu alikuwa mpiga kengele wa stesheni." Alisema, "Nilizika wanne." Sauti yake, maisha ya wengine.

Saa saba alifikia kipande cha Nyanya Triza wa Komarock, cha tarehe sita Agosti 2016. Kikongwe aliulizwa swali la pili, akajibu, kisha akageuka na kusema kitu kwa Kimaragoli. Khavere akacheka kidogo. Hata hilo alilitafsiri, kwa uaminifu wake wote.

"Anauliza mimi ni Khavere wa nani." Kisha akaanza kujibu mwenyewe. "Khavere wetu alikuwa..."

"Mwambie turudi kwa swali la tatu," ikasema sauti ya mwanamume. "Betri inaisha."

Khavere akauliza swali la tatu.

Mchungaji hakuzima. Nyanya Triza alikwisha kufa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikia historia, vichwa vitano. Akasikiliza mpaka mwisho. Betri ilidumu dakika hamsini na nne zaidi.

Saa tisa na nusu alimkabidhi Jacklyne karatasi moja. Jacklyne alishapiga chapa historia zake nyingi kiasi kwamba vile vichwa huviweka kabla hajaletewa maneno. Akaipindua karatasi, nyuma hakuna kitu.

"Pasta, pole sana. Lakini hii ni nusu peji. Za watu wengine huwa tatu."

Mchungaji alisema anajua.

Jacklyne akaanza kuchapa. Mwaka wa kuzaliwa, shule, kibanda, foleni ya maji. Kisha vidole vikasimama juu ya mistari ya mwisho, iliyoandikwa peke yake chini: "Jina Khavere alipewa kwa ajili ya mtu wa kwao. Siku moja alianza kutusimulia habari zake. Nilimkatiza."

Aliisoma mara mbili. Akamtazama mzee, akarudisha macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Na hii, Pasta, niiweke chini ya kichwa gani? Kuzaliwa?"

"Hapana," alisema Mchungaji. "Iweke chini ya Ndoa."