Shirika la Anga Lilimpa Binti Yangu Mama Mwingine

Admin, ficha jina langu, lakini akili ya binti yangu usifiche. Mimi ni mama wa miaka 54, mjane, naishi Kimumu hapa Eldoret. Shule niliachia darasa la saba. Nimeuza mahindi na maharagwe hadi mgongo ukapinda, na kwa hayo mahindi nikalea injinia. Tumwite Neema. Akiwa darasa la sita alikuwa anatengenezea watu redio. Sio kujisifu, lakini kama mtaani kwetu kuna mwingine, nionyesheni.

Miaka miwili iliyopita Neema aliandikwa kazi na kisiwa kimoja kinaitwa Maloveta. Usikitafute sana kwa ramani, utaona maji tu. Ni nchi ndogo kuliko kaunti yetu ya Uasin Gishu, lakini serikali yao iliamka ikaamua nayo lazima iwe na shirika la mambo ya anga. Mtu wa kutengeneza setilaiti hawakuwa naye. Wakamchukua wangu.

Nikatangaza kanisani, sokoni, kwa chama chetu cha akina mama cha kuweka akiba. Na hapa acha nitubu. Kwa hicho chama kuna Mama Kiplagat. Kijana wake ni mkimbiaji, alibadilisha uraia akaenda kukimbilia nchi ya wenyewe, wakampa na jina jipya. Huyo mama nilimsimanga bila huruma. "Wangu yuko ng'ambo na pasipoti ya Kenya na jina la nyanyake. Hajauza bendera!" Yeye alikuwa anakunywa chai yake tu.

Siku ya kurusha setilaiti, mwezi uliopita, niliita chama yote kwangu. Chapati, ndengu, kuku wawili. Tukaunganisha simu na televisheni. Hiyo setilaiti yenyewe, mtanisamehe, ni saizi ya kibuyu cha maziwa ya mursik, na hata roketi waliomba kwa wengine. Lakini nilipomwona Neema na koti jeupe, nilipiga vigelegele vikasikika hadi barabarani.

Kisha mkurugenzi wao, jitu moja la tai nyekundu, akashika maiki. Kizungu yangu ni ya kuomba maji, lakini hiyo nilielewa. Alisema huyu ni binti wa Maloveta, mzaliwa wa kisiwa, na mama yake ndiye huyu hapa. Akatokea mama mzee na maua shingoni, simjui hanijui, akamkumbatia mtoto wangu akilia. Na Neema akatabasamu.

Mama Kiplagat akaweka kikombe chini polepole.

"Pole, Mama Neema. Wangu walimbadilisha jina. Mama walimwachia."

Angenitukana ningemjibu.

Wageni walipotoka nikapiga simu. "Mum, sheria yao inasema mkuu wa mitambo awe mzaliwa," Neema akaniambia. "Wananipandisha cheo. Ni karatasi tu."

"Na huyo mwanamke pia ni karatasi?"

"Aliletwa na ofisi, Mum. Hata mimi niliambiwa asubuhi hiyo."

"Na hilo tabasamu uliambiwa saa ngapi?"



Sasa hao wezi wamenitumia fomu. Wanataka niape mbele ya wakili kwamba mimi ni mlezi tu, kwamba Neema niliachiwa na wageni akiwa mchanga. Na niwape kadi yake ya kliniki, ile yenyewe kabisa, si nakala, iliyoandikwa kilo zake za kuzaliwa, mbili na nusu, na sindano zote alizochomwa. Nisipoweka sahihi, Neema anasema watamfukuza. Serikali nzima, na wimbo wake wa taifa, imeshindwa kuzaa injinia mmoja, inakuja kuiba wa muuza mahindi! Mimba nilibeba mimi. Uchungu siku mbili, mimi.

Neema anafika Ijumaa kuchukua hiyo fomu. Jina langu wameshalipiga taipu chini kabisa, na kando yake neno "mlezi". Nyinyi wazazi wenzangu mnaosoma hapa, hata mnaonichukia kwa mdomo wangu, niambieni niweke sahihi ama nichome? Na kama kuna anayejua mtu kama mimi huanzaje kuomba msamaha, aniambie pia. Mama Kiplagat anaishi geti ya pili kutoka kwangu, na tangu siku hiyo nazungukia njia ya nyuma.