Swali la Saba

Baba amefunga nyaya za umeme miaka thelathini, leo wanataka afanye mtihani wa fizikia ndipo wampe leseni. Upuuzi mtupu! Basi nikawa mwalimu wake, mezani jikoni. Maswali sita aliyamaliza chapuchapu, huku akinitania. La saba nikamsomea:

"Mtu mwenye ukinzani wa omu elfu moja ameshika waya wa volti mia mbili na arobaini. Tafuta mkondo unaopita mwilini mwake."

Akaweka penseli chini.

"Gawanya tu, baba."

Miaka yote tuliambiwa baba mdogo alikufa kwa kuteleza darini.

"Aliniuliza, 'Kaka, umezima?' Nikamjibu nimezima. Kumbe nilizima swichi ya chumba kingine."

Kisha akaandika jibu. Lilikuwa sahihi. Mkono wangu ulikataa kutia tiki.