Nusu Doti Niliyoipeleka Ushirombo

Wengine husafiri kwa msiba au kwa biashara. Mimi nilisafiri kwa wivu. Mume wangu, Baba Kulwa, enzi za Vita vya Kagera alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya Ushirombo, iliyowaburudisha wenyeji na askari waliopita kuelekea mpakani. Tangu tuoane hajacheza nami muziki hata siku moja. Jibu lake ni lile lile: mpiga gitaa hachezi. Kwenye harusi yetu nilicheza na shemeji.

Ilipofika habari kwamba ukumbi ilimokuwa ikipiga bendi ile utabomolewa, na wazee wa bendi wanaitwa kuuaga, magoti yake yalikataa safari. Nikasema nitamwakilisha. Akafungua sanduku, akatoa kanga kuukuu iliyoandikwa "Kawia ufike", kipande kimoja kisicho na mwenzake. Nilikuwa nikiijua kanga hiyo, na nilikuwa nikikatazwa hata kuibebea mtoto.

"Ukimkuta Nyamizi, mpe," alisema.

Miaka yote hiyo, ndiyo kwanza nalisikia jina.

Maganzo niliondoka asubuhi, wachekechaji wa almasi wakiwa wanakunywa chai kando ya barabara. Kutoka Shinyanga mvua ilikuwa imejaza majaruba ya mpunga, abiria wakafurahi, mimi nikanuna. Kanga ilikuwa ndani ya mkoba na mkoba nimeupakata. Mara mbili nilitamani kuitupa dirishani.

Nyahanga, pale Kahama, nililala kwa binti yangu Kulwa. Nilipomweleza safari yangu alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza nitafanya nini nikimkuta huyo bibi ni mzuri kuliko mimi. Nilimwambia apakue chakula.

Kesho yake basi lilipita kwenye makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu, kisha misitu, kisha Ushirombo. Ukumbi ni bati na matofali, wala hautishi. Mlinzi wake, Mzee Masanja, alinionyesha sakafu iliyochubuliwa na mabuti. Wakulima walikuwa wanalaza baiskeli zao nje, akasema, wanaingia kucheza bega kwa bega na vijana ambao kesho yake walikuwa wanapanda malori. Bendi haikuruhusiwa kupiga wimbo wa huzuni.

"Na Baba Kulwa alikuwa akicheza?" nikauliza, nikijua jibu.

"Mara moja," alisema. "Na Nyamizi. Yule pale."

Mara moja ni mara moja zaidi ya mimi. Nilimtazama yule bibi aliyekaa karibu na jukwaa, mgongo umenyooka, meno yote yapo, nikamtafuta kasoro nisiipate. Tena alikuwa mkubwa kwangu, kwa hiyo ilibidi nimwamkie. Shikamoo ile ilinitoka kama jino.

"Marahaba, mwanangu," alisema, akanisogezea kiti.

Nikatoa kanga bila maneno mengi. Aliishika, akaisoma kwa kidole. Kisha akanieleza. Usiku mmoja kabla mumewe hajapanda lori, waliigawa doti: kipande kimoja akakifunga kwenye begi la askari wake, kingine akakifunga kwenye shingo ya gitaa la Baba Kulwa, kikae mpaka mumewe atakaporudi kukichukua. Wiki zilizofuata alikuja ukumbini, lakini mwanamume gani angecheza na mke wa askari aliye vitani? Alikaa ukutani. Ndipo Baba Kulwa akaweka gitaa chini, akacheza naye wimbo mmoja, mkono umenyooka kama anayebeba ndoo.

"Alipomaliza akaniambia hatacheza tena mpaka mume wangu arudi," alisema Nyamizi. "Nilidhani ni maneno ya ujana."

Mumewe hakurudi. Na mume wangu alilishika neno lile, akapita nalo harusi yangu, ubatizo wa mapacha, sikukuu zote. Niseme kweli: sikulia. Niliona wivu zaidi. Hakuna mtu aliyewahi kuningoja mimi hivyo, wala kuniwekea ahadi nzito namna ile.

Nyamizi aliikunja kanga, akaiweka mapajani.

"Mwambie nimempokea askari wangu," alisema. "Mwambie basi, sasa acheze."

Nikajibu, "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma, maana Kiswahili kilinikwama. Tulipoachana alinishika mkono kwa mikono miwili, na mimi, pamoja na wivu wangu wote, sikuwa na haraka ya kuuondoa.

Safari ya kurudi sikumbuki barabara. Nilijifunza jambo moja, nalo halikunipendeza: nilikuwa nimemchukia mwanamke kwa kitu ambacho hata yeye alikipoteza.

Maganzo nilifika jioni. Baba Kulwa alikuwa uani, redio iko begani. Nikampa maneno kama nilivyopewa, kwamba Nyamizi amempokea askari wake, na kwamba basi, sasa acheze. Akazima redio. Kisha nikaichukua redio, nikaiwasha tena, nikatafuta stesheni yenye muziki.

"Magoti, Mama Kulwa," alisema.

Nikamnyooshea mkono.

"Kawia ufike," nikamwambia, nikasimama pale nikimngoja.