Mijohoro ya Mtaa wa Maduka

Enzi zetu pale Mpanda, ukipita mtaa wa maduka Kashaulili wakati wa kiangazi, ulirudi nyumbani na vumbi hadi kwenye kope. Kwa hiyo mwaka ule, katika miaka ya tisini, mafundi walipoanza kupanga mawe na kumwaga saruji pembeni mwa barabara ili watu wapate pa kutembea, tulidhani mji wetu unageuka Ulaya. Shule yetu ikapewa kazi ya kupanda miti. Kila mwanafunzi wa darasa la tano na mche wake wa mjohoro, na ole wake ambaye wake ungekufa.

Mimi nilipangiwa mbele ya mashine ya kusaga. Rafiki yangu Nyamizi, binti wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, akapangiwa mbele ya duka la vitenge. Mwenye duka akampenda. Kila jioni akija kumwagilia anapewa andazi la moto, na mche wake ukawa unapanda kama unaitwa. Mimi nilichota maji bomba lilelile, nikaambulia pumba kichwani. Mama aliponiona nimenuna akasema, "Mwanangu, wivu huo utakutia vidonda vya tumbo."

Siku moja nikafungua uzio wa miiba wa mche wa Nyamizi, nikaondoka bila kugeuka nyuma. Mbuzi wakamaliza kazi.

Kesho yake nilimkuta amechuchumaa, ameshika kisiki. "Sikufunga vizuri," alisema. Mwalimu akamchapa fimbo mbili, mimi nikitazama. Jioni akaja na ndoo imejaa, akaumwagilia mche wangu.

"Maji nishachota," akasema, "nikayapeleke wapi?"

Hapo nikashindwa. "Nyamizi, ni mimi niliyefungua."

Alibeba ndoo yake, akaenda. Hakunisemesha hadi darasa la saba, siku aliponiomba wembe wa kuchongea penseli. Nilimpa na penseli yangu juu.

Kile kisiki kilichipua, kikatoa mti mnene kuliko yote mtaani. Wangu upo, mrefu na mwembamba. Siwadanganyi, mpaka leo nikiutazama wa mwenzangu roho inaniuma kidogo.

Majuzi nilipita pale. Wasichana wa siku hizi wanatembea na raba nyeupe pee, haziguswi na tope wala vumbi. Wamejaa kivulini, simu mkononi, wanalalamika, "Jamani, Mpanda joto!" Kichwa hakijui ndoo! Nikawaonea wivu wa waziwazi. Mmoja akasogea, akasema, "Mama, kaa hapa." Nikakaa, nikamwambia miti hii tuliipanda sisi, tukiwa wadogo kuliko yeye.

"Kumbe ilipandwa?" akauliza kwa adabu, kisha akarudi kwenye simu yake.