Mashine Inakula Kidogo

Mtaa mzima ulimwita Kibaba, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Lilitokana na methali yake ya kila siku, ile ya haba na haba, ambayo aliitoa kila mteja alipolalamika kwamba amekuja na ndoo imejaa mahindi na sasa anaondoka na unga pungufu. Alikuwa msagaji. Miaka ishirini na miwili alisimama kwenye kibanda chake cha mabati, nyusi nyeupe kwa unga kama za babu wa miaka tisini, akipaza sauti ili asikike juu ya mngurumo.

Mashine ile hupuliza unga ndani ya mfuko mrefu wa kitambaa ambao wateja waliuita soksi, na unga mwingine hunasa humo. Fundi aliyemfundisha kazi alimwambia aupige mfuko kwa fimbo mara tatu, unga wote umshukie mwenye mahindi, ndipo amwite mwingine. Kibaba alianza na tatu, akaja mbili, akaishia moja, tena ya kubembeleza. Mteja akiuliza, jibu lilikuwa tayari: "Mashine nayo inakula kidogo." Watu walicheka, wakaenda zao. Jioni, mlango ukishafungwa, aliipiga soksi hadi vumbi likajaa kibanda, na kilichoanguka kilikuwa chake.

Mwanzoni aliwapa kuku. Baadaye akaona kuku wanafaidi mno, akaanza kuuza dirishani kwa bei ya chini, kwa wale wasio na mahindi ya kusaga, nao walimshukuru kwa huruma yake. Hata dada yake mdogo, mjane mwenye binti mmoja, alinunua. Mkewe aliwahi kumuuliza kama si vibaya kumuuzia ndugu wa tumbo moja kitu ambacho yeye hakukinunua. Kibaba alimjibu kwamba biashara haina undugu.

Msidhani hakuwa mtu wa dini. Alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumapili ndiye aliyepitisha kikapu cha sadaka. Mchungaji alipohubiri habari za yule tajiri aliyebomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi, na usiku uleule roho yake ikatakwa, Kibaba alitikisa kichwa kwa masikitiko, akimwonea huruma mwenye duka la jirani. Mahubiri ya uchoyo yana ajabu hiyo: kila mtu humsikilizia mwenzake.

Dobi wa mtaa alikuwa na kawaida ya kuleta muhogo mchungu uliokaushwa, wa kutengenezea wanga wa kukazia nguo. Haukuwa umelowekwa kutoa sumu, kwa hiyo kila mara alirudia maneno yaleyale: "Mzee, huu si wa kuliwa." Kibaba alijua. Kanuni ilikuwa kusaga debe zima la pumba baada ya muhogo huo, kuipiga soksi mpaka iwe tupu, na kutupa vyote shimoni. Alhamisi moja dobi alileta magunia mawili. Umeme ulikuwa ukatwe saa nane, foleni imefika barabarani, na pumba zimepanda bei kwa wafuga nguruwe. Kibaba aliitazama foleni, akalitazama debe la pumba. Akampokea mteja aliyefuata.

Jioni soksi ilitoa unga mwingi kuliko siku zote, mweupe na laini. Alijua umetoka wapi. Alijiambia kwamba umechanganyika na mahindi, kwamba kidogo hakidhuru, kwamba huenda hiyo ndiyo baraka yenyewe. Ijumaa asubuhi uliisha wote kabla hajanywa chai.

Jumamosi akaitwa zahanati. Mpwa wake, mtoto wa miaka sita, alikuwa akitapika tangu alfajiri, na sasa miguu haimbebi na anahema kwa shida. Muuguzi alikuwa akimhoji mama. Alikula nini? Uji tu. Unga ulitoka wapi?

"Kwa kaka yangu," dada alisema. "Huo hauna neno. Kaka ni mzee wa kanisa."

Muuguzi akamgeukia Kibaba. Alimweleza kwamba wameanza kumtibu malaria, lakini dalili hazikubaliani. Kama ni sumu, dawa ni nyingine na muda ni mfupi. Unga ule ulikuwa na nini?

"Mahindi tu," Kibaba alisema.

Akatoka nje. Akilini alikiona kibanda kimefungwa kwa amri ya bwana afya, kikapu cha sadaka kiko mikononi mwa mtu mwingine, watoto wa mtaa wanamzomea. Nitasema ukweli ingawa unaniuma: alisimama pale uani muda wa kutosha kujiuliza kama mtoto hatapona tu mwenyewe. Halafu akamsikia dada yake kupitia dirishani, akimbembeleza mwanawe kwamba mjomba yuko nje anamwombea. Hapo alishindwa. Akarudi ndani.

"Ulikuwa na muhogo mchungu," alimwambia muuguzi. "Wa dobi. Sikusafisha mashine."

Muuguzi aliondoka mbio. Dada alimtazama kaka yake.

"Kwa nini hukusafisha?"

"Inataka debe la pumba. La kutupa."

"Debe la pumba," alirudia polepole. "Kaka, ungeniambia. Ningekununulia."

Hakulia wala hakumtukana, na Kibaba alitamani afanye vyote viwili. Alimuuliza jambo moja zaidi: nani wengine walinunua? Kibaba hakujua. Pale dirishani hakuwahi kutazama nyuso za watu, alitazama mikono yao.

Saa sita ilikuwa inakaribia, na kila nyumba ilikuwa ikibandika sufuria. Alikimbia, akimwacha mtoto anatundikiwa dawa nyingine ambayo hakuna aliyeweza kumwambia kama imewahi. Alifika kanisani, akaishika kamba ya kengele bila kuomba ruhusa. Siku isiyo ya Jumapili kengele ile hulia kwa msiba tu. Watu wakaja, wengine na miko mikononi, wakiuliza nani amefariki.

"Bado hajafa mtu," alisema. "Waliosaga kwangu kuanzia Alhamisi, na walionunua dirishani, msile unga huo. Una sumu. Nami nilijua."

Njiani alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha, mazuri, ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu. Aliinua kichwa ayaseme. Uwanja ulikuwa mtupu. Kila mtu alikuwa anaikimbilia sufuria yake.