Namba ya Sekretere

Mwanaume niliyemchukia kuliko wote hakunipiga, hakuniibia, na hakunitukana hata siku moja. Alikuwa sekretere wa kanisa letu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, na telefone yake haikuwa inaishiwa chaji.

Tulipofika kambini kutoka Bukavu, miaka ile ya elfu mbili na kitu, bantu wenye telefone walikuwa wa kuhesabu, na mwenye sola juu ya bati lake katika kanisa letu alikuwa yeye peke yake. Basi sisi wote tulitoa namba yake. Ukiulizwa namba kliniki, unatoa ya Sekretere. Shuleni kwa batoto, ya Sekretere. Ndugu wa mbali akitaka kukupata, anapiga kwa Sekretere, naye anamtuma mtu aje akuite. Tuliiita namba ya kanisa, na kuitoa ilikuwa kumpa heshima. Siku nilipofungua imeli kwa mara ya kwanza, kwenye kaduka kamoja ka intaneti huko Biwi, mjini Lilongwe, mashine ikaniomba namba ya telefone. Niliandika ile ile, hata sikuwaza. Kosa langu ni hilo, nalisema mapema mtu asije akasema nimelificha.

Kazi yangu ni kushona, lakini Bukavu nilisoma mpaka nikajua kupiga mashine, kwa hiyo kanisa lilipopewa ordinateri, kompyuta ya biro, mimi njo niliandika barua zake. Badala ya mshahara niliruhusiwa kusoma imeli yangu humo. Ordinateri yenyewe ilikuwa mzee. Batri yake ya ndani ilikufa, na kila ukiiwasha inakuonyesha tarehe ya mwaka 2002, mwaka ambao mi nilikuwa ningali Bukavu na mama yangu yuko hai. Unairekebishia tarehe kwa mkono, unangoja, ndipo inakubali intaneti. Na haikuwa na kumbukumbu ya mtu. Kila nikiandika neno langu la siri, imeli inaniona mgeni, inasema: tumetuma kode kwenye telefone yako. Telefone yangu ilikuwa juu ya meza ya Sekretere, mtaa wa pili, na kode ilikuwa inaishi dakika kumi.

Wakati huo nilikwisha kununua kasimu kangu kadogo. Mtu atauliza, mbona hukubadilisha namba? Ili kubadilisha, imeli inataka kode, na kode inaenda kwake, na mesaji inayofuata inamwambia wazi kwamba mwenye imeli ameiondoa namba hii. Jumapili kanisa zima lingejua kwamba mama mshonaji hamwamini Sekretere tena. Kwetu huachi namba ya mkubwa hivihivi. Niliona haya. Kila mwaka nilisema, mwaka ujao.

Naye alizoea. Mwanzoni alikuwa ananisomea kode mlangoni, nakimbia nayo kichwani. Baadaye ikawa, "Kaa kwanza, mama." Kisha, "Tuombe kwanza." Kisha akaanza kuuliza ni nani ameniandikia. Mi namwambia, kwa sababu nataka kode. Nikimaliza kumwambia, kode imekufa, narudi biro ya kanisa kuomba nyingine.

Sasa ile wiki. Jumatatu nilikuwa Biwi kutafuta uzi, na ndugu mmoja wa kwetu anayeuza vitenge pale akaniita. Mdogo wangu, yule tuliyepotezana tukikimbia, alikuwa amempigia. Yuko hai. Alipewa imeli yangu, ameniandikia, nifungue haraka. Simu aliyopigia ilikuwa ya kuazima. Niliipiga palepale, akapokea mtu wa Tanzania asiyemjua. Nilirudi Dzaleka bila uzi.

Jumanne nilifika kwa Sekretere nahema. Akaniuliza, "Nani anakuandikia leo?" Mara hiyo sikutaka. Miaka yote nilikuwa nimempa kila kitu, lakini jina la mdogo wangu sikutaka lipite kinywani kwake kabla sijalisoma mwenyewe. Nikasema, "Papa Sekretere, ni mambo ya familia."

Alifunga telefone akaiweka mfukoni. "Basi familia ikusomee kode."

Nilicheka, nikidhani anatania. Jumatano nikaenda mara mbili. Asubuhi alikuwa na kikao cha wazee. Jioni alinisomea, polepole, namba moja, halafu anamsalimu mtu njiani, halafu namba nyingine. Nilipofika biro, mashine ikakataa. Alhamisi nilienda, nikamsubiri kwenye kibaraza chake toka asubuhi mpaka saa tisa. Telefone ilikuwa ndani. Naisikia inalia kila mesaji ikiingia. Alikuwa ndani pia, mke wake alikuja kuniambia kwa aibu kwamba baba amepumzika. Ijumaa alinisomea kode yote kwa mara moja, mlangoni, akitabasamu, kwa sababu adabu alikwisha kunitia.

Mesaji ilikuwa fupi, ameniita yaya, dada mkubwa, kama zamani. "Yaya, Alhamisi nitapita Lilongwe, basi letu litafika asubuhi, litaondoka saa sita kwenda kusini. Sina telefone. Kuya unione stendi. Ukiniambia nibaki, nitabaki."

Nilizima ordinateri. Niliporudi kuiwasha, ilisema ni mwaka 2002.

Nilimwandikia siku hiyo hiyo, nikamweleza yote. Hakujibu. Nikaandika tena, miezi na miezi, na kila mara nikapitia mlangoni kwa yule mwanaume kuomba kode, nasema zikomo, asante ya huku, natabasamu. Moyoni nilikuwa namla nyama. Niliomba awe bubu. Niliomba sola yake ianguke. Kanisani aliposimama kusoma matangazo, nilitazama koo lake linavyopanda na kushuka, sikusikia neno. Bantu wanasema samehe saba mara sabini. Nilihesabu, nikaona sijafika hata moja.

Malipo ni hapa hapa duniani, ila wakati mwingine yanataka mtu wa kuyasukuma. Ikatoka amri kwamba kila laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho, la sivyo itafungwa. Sisi wakimbizi tulihangaika, wengi wakatafuta wenyeji wa kuwasajilia. Sekretere akaja kwenye masini yangu ya kushona, kwa upole wote. "Mama, we unajua wenyeji wa mjini. Nitafutie mtu mwaminifu."

Nikamwambia, "Nitakutafutia, Papa."

Nilimpeleka kwa mama mmoja wa Area 18 niliyekuwa namshonea mapazia na nguo za harusi za binti zake. Yule mama akaisajili laini ya Sekretere kwa jina lake mwenyewe. Niliacha miezi miwili ipite, ili isionekane. Kisha siku moja nikiwa nampima yule mama mkono wa gauni nilimwambia habari yote, stendi na kibaraza na kode. Akachukua mkoba wake, tukaenda mjini, akasema dukani kwamba laini yake imepotea anataka nyingine yenye namba ile ile. Ni laini yake, kitambulisho ni chake, hakuna aliyeuliza kitu. Tulipotoka aliiweka mkononi mwangu. Waliniambia baadaye kwamba telefone ya Sekretere ilikufa katikati ya mazoezi ya kwaya, akaitikisa, akatoa batri, akairudisha. Nilifurahi hivyo, sioni haya kusema. Nilipika nsima siku ile na nikala sahani mbili.

Kode za kanisa zima zikawa zinaingia kwangu, nikawaambia mwenye laini amenipa niitunze. Mtu akija, namsomea palepale kwenye ordinateri, simuulizi nani kamwandikia. Siku ya tisa akaja yeye.

Alikuwa na imeli yake, niliyomfungulia mwenyewe, na ndani yake kulikuwa na tarehe ya kuhojiwa yeye na jamaa yake kuhusu safari ya kuhamia ng'ambo. Wenzake kambini walikwisha kupata tarehe zao. Alisimama mlangoni pa biro, kofia mkononi.

"Mama, nisomee kode."

"Kaa kwanza, Papa," nikasema.

Akakaa. Nilifungua imeli yangu, nikaandika anwani ya mdogo wangu, nikamsogezea kiti mbele ya mashine. Nilimwambia aandike alichofanya, siku kwa siku, Jumanne mpaka Ijumaa. Akimaliza nitamsomea.

"Mambo ya familia yako hayanihusu," akasema.

"Basi familia yako ikusomee kode."

Aliandika kwa kidole kimoja. Kode yake ya kwanza ikafa, ya pili ikafa, sikumwonea huruma, nilikaa nikipinda mikono ya blauzi. Aliandika: "Mi njo nilimukatalia yaya yako kode. Ile siku ya stendi alikuwa kwangu, kwenye kibaraza. Nilikuwa ndani. Nilimusikia." Hapo akasimamisha kidole, akafuta macho kwa kofia. Nilimwambia aongeze jina lake. Akaongeza.

Ndipo nikamsomea, namba zote sita kwa mara moja. Niliomba tarehe yake iwe imepita. Haikuwa imepita, ilikuwa Jumatatu iliyofuata, na hilo linanikera mpaka leo. Alisema zikomo akatoka. Walisafiri mwaka uliofuata.

Mdogo wangu, ambaye hakuwahi kunijibu mimi, alijibu barua yake. Zilipita wiki tatu. Kode ikaingia kwenye telefone yangu mwenyewe, nikaifungulia nimekaa, bila kukimbia, bila kumwomba mtu. Alikuwa Afrika Kusini, na batoto wawili.

"Yaya," aliandika, "nimesoma ya huyo papa. Nimesoma na zako zote za zamani. Unasema miaka yote hiyo ulikuwa na telefone yako, lakini uliona haya kuondoa namba yake. Kumchukiza yeye uliogopa. Mimi nilikaa stendi mpaka basi likawasha injini, kila mwanamke akipita namuangalia usoni. Namusamehe huyo papa. Wewe unipe muda."

Nilisoma mpaka skrini ikazimika. Namba ya Sekretere ningali nayo, na simu niliyoiwekea haikosi chaji, mdogo wangu asije akaandika kode ikanikosa.