Miwani ya Marehemu

Muuguzi wa macho wa hapa kisiwani Savai'i, Samoa, hufuta miwani ya kila mtu kabla ya kusema lolote. "Nikivaa, macho hayatalegea?" huulizwa kila siku. "Kwani viatu vimekulegeza miguu, mama?" hujibu. Sinapati alipokuja na miwani ya marehemu mumewe, akiapa kwamba haachani nayo, alipewa Biblia asome. Akaitiririsha Zaburi bila kukwama. "Mama, Biblia umeigeuza juu chini," muuguzi akamwambia. Sinapati akaikumbatia miwani, asije akanyang'anywa. Muuguzi akaiomba kwa mikono miwili, akasugua kingo za vioo vipya hadi vikaingia katika fremu ileile. Sinapati akasoma tena, safari hii taratibu, akaurudia mstari mmoja kwa kidole, kisha akaangua kicheko. "Ee Mungu! Mzee wangu alituongoza sala kwa Zaburi hii miaka arobaini, kumbe mstari wa nne alikuwa anaukosea!"